Kamba ya Bondori

Hakuna aliyeingia Bondori bila kuvuka kamba ya Musimbi. Ilikuwa kamba ya ngozi ya kufungia maksai, ndefu, iliyokauka kwa jua, ambayo mumewe Murunga aliiokota kwenye karakana ya magari ya shamba ilipoonekana haifai tena kazi. Kila Jumapili baada ya ibada Musimbi aliitandaza kwa duara kwenye kiwanja cha kupuria ngano, akaizunguka mara moja akiinyoosha kwa mguu pale ilipojipinda, kisha akasimama katikati na kupaza sauti iliyofika mpaka zizini.

"Hapa ndani ni Bondori. Huko nje ni Kiplombe. Asiyejua alipo, akae kwao."

Watu walicheka, lakini walitii. Shamba lenyewe lilikuwa la Kaburu mmoja, upande wa Kiplombe, si mbali na mji wa Eldoret, na hii ilikuwa miaka michache baada ya nzige kuvamia mashamba. Kulikuwa na Wabukusu na Wamaragoli waliotoka magharibi kutafuta kazi, na kulikuwa na Wanandi ambao walikuwa hapo kabla ya shamba kuitwa shamba. Siku za kazi wote walivuna ngano moja. Jumapili kila kabila lilijikunyata kwenye vibanda vyake, likaimba nyimbo zake na kuwasema majirani. Musimbi, mwanamke wa Kimaragoli asiyeweza kukaa kimya hata akiwa na homa, alichoka kuona hali hiyo. Basi akabuni nchi. Akaipa jina lisilo la lugha ya mtu yeyote, makusudi, ili asitokee wa kusema nchi hiyo ni ya kwao.

Sheria za Bondori alizisimamia kwa ukali ambao haukumfaa mama wa kanisa. Ukivuka kamba unavaa gunia, au blanketi lililogeuzwa, na unapewa jina la huko. Anayetazama kutoka nje ana ruhusa ya kucheka, kulia na kupiga makofi, ila haruhusiwi kuingiza neno hata moja. Yaliyotendeka Bondori hubaki Bondori. Na kubwa kuliko yote, ukilitaja jina lako la nyumbani ukiwa ndani ya kamba, basi umetoka, na siku hiyo huruhusiwi kurudi.

Wa kwanza kuipima sheria hiyo alikuwa Wepukhulu, nyapara wa shamba. Siku za juma alikuwa mtu wa kuogopwa, mwenye fimbo na sauti. Bondori alipewa kazi ya kuombaomba, na vibarua wakafurahi kweli kweli. Walimtukana mwombaji yule kwa zamu, naye akavumilia huku akitabasamu, mpaka mkamuaji mmoja akagusia miguu yake ilivyopinda. Hapo Wepukhulu alisahau gunia alilovaa.

"Wewe unajua unaongea na nani?" akanguruma. "Mimi ni Wepukhulu! Nyapara wa hapa!"

Musimbi akamwendea, akamshika mkono kwa adabu, akamvusha kamba.

"Karibu Kiplombe, Mzee," akamwambia, na kumketisha na watazamaji.

Watu walicheka hadi wakalala chini. Jumatatu yake kila kibarua alikuja kazini akiwa ameshika roho mkononi, lakini Wepukhulu hakumfukuza mtu. Aliona aibu kulipiza Kiplombe maneno ya Bondori. Tangu siku ile Musimbi alijua kwamba kamba yake ilikuwa na nguvu kuliko ua wa seng'enge wa Kaburu, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya yeyote.

Malkia wa mchezo, ingawa hakuwa malkia bali binti wa mfalme, alikuwa Jepkemboi. Msichana huyu alikuwa mkamuaji, mrefu, mwenye sauti ya kuvuta watu kutoka jikoni. Baba yake, Joseph arap Kipyego, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema asiye na kinyongo, lakini alikuwa na tabia moja: aliwamalizia wenzake maneno. Ukianza kusema "Ng'ombe yule mweupe…" Joseph anakwambia ng'ombe yule mweupe ana nini. Binti yake, aliyekula naye chungu kimoja tangu azaliwe, alikuwa amezoea kuanza sentensi na kuiachia njiani.

Hivyo ndivyo alivyopata mchumba. Stephen, karani wa stesheni mjini, kijana wa viatu vilivyong'aa na saa ya mkononi, alimtaka Jepkemboi kwa heshima zote. Wazee waliketi, msichana akaitwa na kuulizwa, na kabla hajafumbua kinywa baba yake akajibu kwamba binti yake amefurahi sana. Tangazo likasomwa kanisani. Harusi ikapangwa juma la Krismasi, na Jepkemboi akaendelea kukamua.

Huko Bondori mambo yalikwenda tofauti. Binti wa mfalme alikuwa amekataa wachumba msimu mzima, mmoja baada ya mwingine, kwa majibu makali ambayo Musimbi hakumfundisha. Alikuwa amebaki muuza chumvi, maskini kutoka ng'ambo ya mto, na huyo alichezwa na Kipngetich, mwendesha maksai wa Kapseret, kijana wa maneno machache. Hadithi ilitakiwa kuishia Jumapili ya mavuno, kwa harusi.

Musimbi hakupenda kitu cha nusunusu. Harusi ya kikanisa hakuweza kuicheza, kwa sababu Mchungaji alishasema viapo vya madhabahuni si vya kuchezea. Alikuwa bado anawaza hilo, Jepkemboi alipomfuata kisimani.

"Mama Kavetsa," akasema, maana wote walimwita kwa jina la bintiye wa kwanza, "si tufunge na nyasi? Kwetu hiyo ndiyo harusi yenyewe. Mzee Kimeli, yule anayefunga harusi zetu zote, akifunga, hata watoto watanyamaza."

"Mzee Kimeli atakubali kuja kwa mambo yetu?"

"Nitamwendea mimi mwenyewe, Mama."

Musimbi alifurahi akamkumbatia na maji yakamwagika. Kuhusu segutiet, nyasi ile ya harusi ya Wanandi, alichojua ni kwamba hufungwa kwenye mkono wa bibi harusi na bwana harusi, na kwamba ni nzuri kutazama. Hakuona haja ya kuuliza zaidi.

Jumapili ya mavuno watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya magunia. Kutoka Kapseret lilikuja gari zima la maksai, wazee kwa akina mama, wamejipaka mafuta wakang'aa, na vibuyu vya maziwa lala mapajani. Musimbi aliwatazama wakishuka na moyo wake ukatanuka. Sifa za Bondori zilikuwa zimefika Kapseret! Alimgusa mumewe kiunoni kwa kiwiko ili naye aone.

Kisha akaja Mzee Kimeli, amevaa joho lake la ngozi za pelele, na nyasi mbichi mkononi. Musimbi alikuwa amemwandalia gunia safi na jina zuri la Kibondori. Lakini mzee hakusimama kwenye kamba. Aliivuka kama mtu avukaye mfereji shambani kwake, akaenda moja kwa moja mpaka katikati. Musimbi alilitazama gunia, akamtazama mzee, akaona hawezi. Nani amvike gunia mzee kama yule, na ambatize jina mbele ya wajukuu zake? Alilikunja gunia akalibana kwapani, akaashiria kwaya ianze.

Ulikuwa wimbo wake mpya na uliimbwa kwa nguvu. Chini ya wimbo huo Mzee Kimeli aliinama kwa binti wa mfalme, akamuuliza jambo kwa Kinandi, polepole. Binti akajibu. Akamgeukia muuza chumvi, akauliza, naye akajibu. Kinandi cha Musimbi kilikuwa cha kuombea maziwa na kusalimia tu, tena kwaya ilikuwa imepamba moto, lakini aliona midomo ikitembea bila kusitasita na akajipongeza kwa jinsi alivyowafundisha. Kisha mzee akanyoosha mgongo, akainua mkono, kwaya ikanyamaza. Alitazama ng'ambo ya kamba pale alipoketi Joseph, akamuuliza kitu kwa sauti.

Wanandi wote wakamgeukia Joseph. Joseph, ambaye safari moja alishatolewa kiwanjani kwa kuwamalizia wachezaji maneno, alitabasamu na kuweka kidole midomoni. Watu wakacheka. Mzee Kimeli hakucheka. Alingoja kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akafunga nyasi mkono mmoja, akafunga na wa pili. Vigelegele vya akina mama wa Kapseret vilipaa, na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Joseph, huku akifuta machozi kwa kofia.

"Bondori imelala!" Musimbi akatangaza. Magunia yakavuliwa, mfalme akarudi kuwa mpishi, na kamba ikakunjwa. Musimbi akachukua kisu kidogo cha viazi, akaenda kumkata Jepkemboi ile nyasi. Mkono wa Mzee Kimeli ukamzuia.

"Acha."

"Mchezo imeisha, Mzee."

"Mchezo gani?" mzee akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua. "Huyu msichana aliniambia kuna harusi. Nimekuja, nimefunga. Hii haikatwi, Mama. Mimi tangu nianze kufunga watu sijafungua mtu."

Kufika jioni habari ilikuwa imeenea hadi mjini. Joseph alikuwa amebatizwa zamani na Biblia aliijua, lakini kuna mambo ambayo maji ya ubatizo hayakuyagusa, na nyasi ilikuwa mojawapo. Alikuja mbio kwa Musimbi. Wajomba wa Stephen walikuwa wamemwambia wazi kwamba hawachukui mke wa mtu. Stephen mwenyewe, aliyesomea misheni na kuona mambo ya kisasa, alisema huo ni upuuzi na nyasi ikatwe. Ndipo Mchungaji akasema shauri lisikizwe Jumapili inayofuata, hapo hapo kiwanjani, na kama halitaisha kwa amani basi kamba ichomwe na Bondori ife, maana mchezo unaoharibu nyumba za watu si mchezo.

Wengine wangelala njaa kwa hofu. Musimbi alikula vizuri. Alikuwa na hakika ya jambo lake, na wiki nzima alilipanga kichwani huku akikusanya masuke. Alikuwa ameuchora mpaka kwa mkono wake mwenyewe, na kama kulikuwa na mtu duniani wa kuuonyesha ulipopita, ni yeye. Alikutana na Jepkemboi njiani akienda kukamua, kitambaa kimezungushwa juu ya nyasi ili isilowe. Maskini, Musimbi akawaza, anaogopa laana ya mzee.

"Usijali, mwanangu. Jumapili nitakutoa," akamwambia.

Jepkemboi alitazama chini. "Asante, Mama," akasema, akaenda zake na ndoo.

Jumapili ilipofika Musimbi alikuja na kamba begani, imekunjwa. Hakuitandaza. Mzee Kimeli alikaa kwenye kigoda, Joseph na Mchungaji kwenye benchi la kanisa lililobebwa hadi pale, na Stephen akasimama nyuma yao, maana hakutaka kuchafua suruali. Kipngetich alisimama na watu wake wa Kapseret, ambao walikuwa wamekuja tena, safari hii bila vibuyu.

Stephen ndiye aliyeanza. "Wazee wangu, tunapoteza wakati. Hii kitu ilikuwa mchezo tu. Leteni kisu tumalize."

"Wewe karani, nisaidie kuondoa hiyo 'tu' yako," Musimbi akasema. "Kama ingekuwa mchezo tu, Wepukhulu angefukuza nusu ya hawa watu. Wepukhulu, simama. Yule mwombaji wa Bondori alitukanwa?"

Nyapara akajikuna shingo. "Alitukanwa sana."

"Na wewe, ulitukanwa?"

"Mimi hapana," Wepukhulu akakiri, na watu wakaangua kicheko.

Musimbi alingoja kicheko kiishe. Akaeleza kwamba mpaka ule haukuwa wa mzaha, ulikuwa mgumu kuliko wa shamba, kwa sababu wa shamba unalindwa na askari na huu unalindwa na kila mtu kwa hiari yake. Watoto wao, akasema, wanacheza nyumba huko nyuma ya vibanda, wanafungana nyasi mikononi, halafu wakiitwa kula wanaitupa na kwenda. Wameoana?

"Watoto wanafungana wenyewe," Mzee Kimeli akasema. "Hapa nilifunga mimi. Na mimi sikuwa nacheza."

"Kweli, Mzee. Hapo nilikosa." Musimbi alitoa gunia lililokunjwa, akaliinua watu walione. "Hii ilikuwa yako. Niliogopa kukuvalisha. Ukaingia Bondori na jina yako ya Kiplombe, na mimi nikaona, nikanyamaza. Lakini hawa wawili niliwavalisha na mkono yangu. Walikuwa na majina ya huko. Mzee, ulifunga binti wa mfalme na muuza chumvi. Hao wameoana, sikatai, na Mungu awabariki huko kwao. Hawa wawili wenye wamesimama hapa ni watu wengine."

Makofi yalipigwa. Mchungaji alitikisa kichwa polepole, kama anayeonja mchuzi na kuukubali. Joseph alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, na Stephen akatazama saa yake. Musimbi alijua ameshinda, na kusema kweli alilifurahia sana jambo hilo.

Mzee Kimeli alikaa akichora chini kwa fimbo. Aliponyanyua uso hakuonekana kushindwa, wala kubisha.

"Mama, maneno yako iko na nguvu," akasema. "Kama nilifunga watu hawako, basi nilifunga hewa, na hiyo nyasi ni chakula ya mbuzi. Lakini mfungaji hafungi kama hajauliza. Niliwauliza."

"Uliwauliza nini, Mzee?"

"Wewe ni nani. Wa nyumba gani. Umekuja kwa kupenda kwako ama umeletwa."

"Na wakakujibu."

"Wakanijibu. Waulize wewe. Wako na midomo."

Musimbi akamgeukia msichana, na tabasamu la ushindi lilikuwa bado usoni. "Jepkemboi, mwanangu, ambia wazee. Mzee alipokuuliza wewe ni nani, ulisema nani?"

"Alisema yeye ni binti wa mfalme wa…" Joseph akaanza.

"Mzee Joseph," Musimbi akamkata, "nimeuliza yeye."

Jepkemboi alisogea mbele. Alifungua kile kitambaa, nyasi ikaonekana, imekauka na kuwa ya kahawia lakini haijakatika. Alizungumza kwa ile sauti yake ya Bondori, ile ya kuvuta watu kutoka jikoni.

"Nilisema mimi ni Jepkemboi. Nilisema ni wa nyumba ya Joseph arap Kipyego. Nikasema nimekuja kwa kupenda kwangu."

"Na mimi nilisema Kipngetich," kijana akasema kutoka alipokuwa. "Watu wangu walikuwa hapo. Waliona."

Musimbi aliwatazama watu wa Kapseret, akayakumbuka yale mafuta na vile vibuyu, na jinsi alivyomgusa mumewe kwa kiwiko. Walikuwa wamekuja harusini. "Nitamwendea mimi mwenyewe, Mama," msichana alikuwa amemwambia kisimani. Aliona kila kitu kwa pamoja, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Walikuwa wamemfanya kitambaa cha kushikia chungu cha moto! Kamba yake, wimbo wake mpya, msimu mzima wa jasho lake!

"Kwa nini hapa?" akauliza. "Si ungesema nyumbani? Si ungekuja kwangu? Kwa nini kwa kamba yangu, Jepkemboi?"

Machozi yalikuwa yakimtoka msichana, lakini maneno yake hayakutetemeka.

"Mama, hapo ndio mahali pekee baba yangu hukaa chini akaniacha nimalize."

Joseph alifungua kinywa. Alikifunga tena.

Hasira ya Musimbi haikuisha, ila ilipata mwenzake ndani yake, kitu kilichokaribia kiburi. Msimu mzima alikuwa akiwatangazia watu kwamba asiyejua alipo akae kwao. Kumbe kulikuwa na mmoja aliyejua kabisa alipo, kumpita hata mwenye kamba, na alikuwa msichana wa ndoo za maziwa.

"Mama Kavetsa," Mchungaji akasema, "wewe ndiye mwenye mchezo. Sema neno moja tuende nyumbani. Walikuwa ndani ama walikuwa nje?"

Lilikuwa swali rahisi. Akisema ndani, nyasi itakatwa, karani atapata mke, Joseph atapata usingizi, na Bondori itaishi. Hata Mzee Kimeli alikuwa ameshasema atakubali. Uso wa Joseph ulimwomba waziwazi aseme hivyo. Lakini huko nyuma Wepukhulu alikuwa amesimama akimkazia macho, yule aliyetolewa mbele ya vibarua wake kwa kosa hilo hilo, na akavumilia kwa sababu aliamini sheria ni ya wote. Musimbi alijua kwamba akisema ndani, kamba itabaki na Bondori haitakuwepo tena.

Alimwendea Jepkemboi, akamshika mkono kwa adabu, ule wenye nyasi.

"Karibu Kiplombe, mwanangu," akamwambia.

Minong'ono ikazuka, akina mama wa Kapseret wakaanza vigelegele. Musimbi akainua mkono kuwazuia.

"Ngojeni. Sijamaliza. Siku ile mzee aliuliza mtu wa tatu. Mzee Kimeli, ulimuuliza nini Joseph?"

"Kama iko na neno ya kupinga. Baba lazima aulizwe. Akanyamaza, nikafunga."

"Alinyamaza kwa sababu ya sheria yangu. Mtazamaji haingizi neno. Siku ile alikuwa amefungwa mdomo na mimi, na hiyo si haki." Alishusha kamba begani na kuitupa nyuma yake, mbali, ikaangukia makapi. "Muulize tena, Mzee. Leo hakuna kamba."

Jepkemboi alimtazama kwa macho ya mtu aliyepewa maji na kunyang'anywa kabla hajameza. Musimbi aliumia kuyaona macho yale. Hakuyakwepa wala hakurudisha maneno yake.

Mzee Kimeli aliuliza, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Joseph, wewe ni baba. Iko na neno?"

Joseph alisimama. Alikuwa na maneno, kila mtu aliyaona yakijipanga kooni. Alimtazama Mchungaji, akamtazama Kipngetich na watu wake, kisha akamtazama binti yake.

"Binti yangu ana…" akaanza.

Jepkemboi hakuinamisha kichwa. Alisimama akimngojea, jinsi binti wa mfalme alivyozoea kuwangojea wachumba wake. Joseph aliiacha sentensi hapo ilipofika. Alimgeukia Stephen, ambaye sasa alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Kijana, nisamehe," akamwambia. "Ulileta swali kwetu vizuri, kwa heshima. Mimi nikajibu, na swali haikuwa yangu."

Stephen akainama kidogo, akavaa kofia yake.

Mzee Kimeli bado alikuwa anangoja. "Joseph, nimekuuliza. Iko na neno?"

"Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya kamba," Joseph akasema. "Leo nanyamaza mwenyewe."

Akaketi, akaweka kidole midomoni kama siku ile. Safari hii hakuna aliyecheka.